Bati lisilo na jina laitesa kazi ya magari ya watalii Arusha

IDADI ya watalii wa kimataifa walioingia nchini ilipanda kutoka 1,808,205 mwaka 2023 hadi 2,141,895 mwaka 2024, na kila kundi linaloshuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro kwenda kuona wanyama linahitaji gari. Magari mengi ya kazi hiyo hayaji yakiwa tayari kutoka Japani. Hukatwa, hurefushwa na kuvalishwa upya katika karakana za jijini Arusha, na ndani ya karakana hizo lipo tatizo ambalo halitajwi sana katika mikutano ya wadau wa utalii. Tatizo hilo ni upatikanaji wa bati bapa la alumini.

Anayeliona gari la watalii barabarani huona paa linaloinuka na madirisha mapana. Fundi wa bodi huona kitu kingine. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 inapokatwa na kuongezwa urefu ili ipate nafasi ya viti vya ziada, karibu kila kilichokuwa nyuma ya kiti cha dereva hakifai tena. Vifuniko vya ndani vya milango, kuta za pembeni chini ya madirisha, masanduku ya chini ya viti, kabati la kamera, sehemu ya kuwekea friji, kingo za uwazi wa paa na sakafu yenyewe hutengenezwa upya, kimoja kimoja, kwa kupima, kukata na kukunja. Vipuri vya namna hiyo havimo katika orodha ya mtengenezaji, kwa sababu gari la namna hiyo mtengenezaji hakulitengeneza.

Malalamiko ya kawaida kuhusu bati hilo ni bei, na yana msingi. Hata hivyo, ukiifuatilia safari ya bati kutoka kiwandani hadi kwenye meza ya fundi, inadhihirika kwamba bei ni sehemu moja tu ya mzigo. Sehemu ya pili, inayogharimu zaidi na kuzungumzwa kidogo, ni kwamba bati linapofika dukani huwa limepoteza jina lake. Fundi hulinunua kwa kuangalia mng'ao na kuuliza geji. Haelezwi ni aloi gani, lina ugumu gani, wala unene wake halisi ni upi, na mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua kama paneli itadumu miaka kumi au itapasuka kabla msimu wa kwanza haujaisha.

Kwa nini alumini

Hoja ya kwanza ni uzito. Bati la futi nne kwa futi nane, kipimo kilichozoeleka madukani, lina eneo la karibu mita tatu za mraba. Likiwa la alumini yenye unene wa milimita moja, uzito wake ni kilo nane. La chuma la unene huohuo hupita kilo 23. Hata fundi akichagua alumini nene zaidi, ya milimita 1.5, ili kufidia ulaini wake, bati moja litakuwa na kilo 12. Kwa gari linalotumia mabati sita ndani, tofauti dhidi ya chuma cha milimita moja inakaribia kilo 70. Huyo ni abiria mmoja mzima ambaye gari limeepushwa kumbeba kila siku juu ya matuta ya barabara ya Serengeti.

Plywood ni nyepesi pia na inapatikana kila kona, na karakana nyingi huitumia. Lakini hunywa maji, huvimba, na skrubu zake hulegea kwa mtikisiko. Gari linalovuka mito midogo wakati wa masika na kuoshwa kwa mpira wa maji kila jioni halifai kuwa na ukuta wa mbao usiozibwa vizuri.

Historia ya magari ya porini nayo inaelekeza huko huko. Land Rover ya kwanza, iliyozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, ilivalishwa bodi ya aloi ya alumini kwa sababu Uingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilikuwa na mgawo wa chuma ilhali alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Uamuzi huo wa dharura ukageuka desturi, na Defender ya zamani iliendelea kuvaa alumini hadi ilipoacha kutengenezwa Januari 2016. Arusha, iliyoandaa tamasha la Land Rover Oktoba 2024, imerithi magari mengi ya aina hiyo. Ubavu wa Land Rover iliyokufa ni bati zuri ambalo sifa zake zinajulikana, na fundi wa zamani anayelikata anajua anachokata. Ubaya ni kwamba ghala hilo haliongezeki.

Ipo pia alumini inayotoka mahali ambapo msomaji wa gazeti huenda asipafikirie, nayo ni mitambo ya kuchapa magazeti. Sahani za alumini zinazotumika kuchapa toleo la usiku mmoja huishia kuuzwa kama chakavu. Unene wake ni milimita 0.3 au pungufu, hivyo hufaa kuziba upenyo au kufunika banda la kuku. Kwa paneli ya mlango hazitoshi.

Bei inayopangwa mbali

Tanzania haina kiwanda cha kuyeyusha alumini kutoka kwenye madini yake. Jina lenyewe lipo: ALAF, kiwanda maarufu cha Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam kilichoanza mwaka 1960, ni kifupi cha Aluminium Africa. Lakini kinachokifanya kijulikane leo ni mabati ya kuezekea, ambayo ni chuma kilichopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki. Tofauti hiyo huwaponyoka baadhi ya wanunuzi wanaosikia neno alumini na kudhani wamepata bati la alumini. Sumaku ndogo humaliza ubishi huo, kwani hunasa kwenye bati la kuezekea na kuteleza kwenye alumini.

Kwa hiyo bati halisi huagizwa nje, na bei yake huanzia katika soko la metali la London. Mapinduzi ya kijeshi ya Guinea ya Septemba 5, 2021, katika nchi inayouza boksiti kwa wingi kuliko nyingine, yaliisukuma bei ya alumini hadi kiwango ambacho hakikuonekana kwa muongo mzima. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, tani moja ilifika dola 4,000 za Marekani, rekodi ya soko hilo kwa wakati huo. Mwaka 2023 bei ilishuka hadi kati ya dola 2,200 na 2,300 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mapema Januari 2026 ikapita tena dola 3,000.

Ukizileta namba hizo kwenye meza ya fundi zinaeleweka vizuri zaidi. Bati la kilo 12, kwa bei ya dola 2,300 kwa tani, lina metali ya thamani isiyofika dola 28. Kwa dola 3,000 ni dola 36, na kwa dola 4,000 ni dola 48. Dola ikihesabiwa kwa shilingi 2,500, hiyo ni sawa na kutoka shilingi 69,000 hadi 90,000 hadi 120,000, na hapo inahesabiwa metali tupu. Juu yake kuna gharama ya kulibinya kuwa bati, meli, bandari, ushuru wa forodha, Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, lori la kwenda Arusha na faida ya kila mkono uliolipitisha. Mwagizaji aliyehangaika kutafuta dola wakati wa uhaba wa mwaka 2023 na 2024 aliiongeza adha hiyo pia kwenye bei.

Badiliko moja halikupewa uzito unaostahili katika kurasa za biashara za hapa nchini. Kuanzia Desemba 1, 2024, China iliondoa marejesho ya kodi ya asilimia 13 yaliyokuwa yakitolewa kwa wauzaji wake wa nje wa bidhaa za alumini, yakiwamo mabati na foili. China huzalisha zaidi ya nusu ya alumini yote duniani. Marejesho hayo ndiyo yaliyoviwezesha viwanda vyake kuuza bati nje kwa bei ambayo wengine walishindwa kuifikia, na yalipoondolewa, mnunuzi wa mbali alilazimika kubeba sehemu ya pengo. Miezi michache baadaye Marekani nayo iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa alumini ya nje, Machi 2025, na kuupandisha hadi asilimia 50 Juni mwaka huohuo. Ushuru huo hautozwi Tanzania, lakini huyumbisha njia za biashara ambazo hata mnunuzi mdogo wa Arusha anazitegemea bila kujua.

Ghuba ya Uajemi ni jirani wa karibu zaidi kwa meli. Bahrain imekuwa ikiyeyusha alumini tangu mwaka 1971, Falme za Kiarabu zina viwanda vikubwa Dubai na Abu Dhabi, na Oman ilianza uzalishaji Sohar mwaka 2008, ambako pia kipo kiwanda cha kubinya mabati. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaifahamu Dubai vizuri kuliko baadhi ya mikoa ya nchi yao. Kikwazo ni kwamba kiwanda cha kubinya bati huuza kwa tani, ilhali fundi hununua kwa bati moja moja. Katikati yao amesimama mwenye duka, na katika mikono yake ndipo jina la bati linapopotelea.

Geji, aloi na vumbi la magadi

Neno geji hutumika madukani kana kwamba ni kipimo kimoja, na sivyo. Kwa jedwali la Kiingereza, geji 18 ni milimita 1.22. Kwa jedwali la Kimarekani linalotumika kwa metali zisizo za chuma, geji 18 ni milimita 1.02. Mfanyabiashara anayesema geji 18 katika hali zote mbili hajadanganya, ila mnunuzi amepokea metali pungufu kwa asilimia 16. Geji 20 ina mtego uleule, kwani ni milimita 0.91 kwa jedwali moja na 0.81 kwa jingine. Mtanzania aliyezoea kununua mabati ya kuezekea kwa geji 28, 30 au 32 amejifunza, mara nyingi kwa hasara, kwamba namba kubwa ni bati jembamba. Kwamba namba moja inaweza kuwa na unene wa aina mbili ni somo ambalo bado halijawafikia wengi.

Aloi ni jambo zito zaidi. Bati la kundi la 1050 ni alumini karibu tupu, asilimia 99.5. Hukunjika kwa urahisi na hung'aa, lakini goti la abiria au kona ya sanduku la kamera hulibonyeza. Kundi la 3003, lenye manganizi kidogo, ni gumu zaidi na bado hukunjika vizuri. Kundi la 5052, lenye magnesi ya asilimia 2.5 hivi, hustahimili mtikisiko na chumvi, na katika nchi nyingi hutumika kwa bodi za malori na boti. Kundi la 6061, likiwa limeshakaushwa kwa joto hadi ugumu unaoandikwa T6, lina nguvu kuliko yote haya. Hilohilo ndilo linalowaangusha mafundi, kwa sababu ukilikunja kwa kona kali hupasuka mstari mzima wa mkunjo.

Madukani mabati haya manne yanafanana. Yote ni meupe ya fedha, yote ni mepesi, na pengine bei hutofautiana kwa unene tu. Fundi anayepasukiwa na bati kwenye mashine ya kukunjia huilaumu mashine, au hujilaumu mwenyewe, kumbe kosa lilifanyika dukani siku tatu kabla. Hasara yake ni bati lote, kwa kuwa paneli iliyopasuka kwenye kona haichomelewi ikarudi kama ilivyokuwa. Joto la kuchomelea hulainisha sehemu iliyozunguka mshono, na alumini nyembamba huhitaji mashine na mkono ambao si kila karakana inao.

Arusha ina jambo lake la ziada ambalo vitabu vya ufundi vya Ulaya haviligusi. Magari yake huenda Ziwa Natron, Manyara na ndani ya bonde la Ngorongoro, na hurudi yakiwa na tope la magadi. Alumini hujilinda kwa utando mwembamba wa oksidi unaojijenga wenyewe juu ya uso wake. Utando huo ni imara dhidi ya mvua ya kawaida, lakini magadi huuyeyusha. Tope likikaa chini ya zulia la sakafu wiki nzima likiwa na unyevu, bati lisilopakwa rangi huanza kuwa na vidonda vyeupe. Yakiongezeka hapo maji na skrubu za chuma zilizofungwa moja kwa moja kwenye alumini, kutu ya kugusana kwa metali mbili huanzia kwenye matundu ya skrubu na kutanuka. Dawa yake inajulikana: rangi ya msingi inayoshika alumini, mpira au gundi ya kutenganisha metali hizo mbili, na ribiti za alumini pale inapowezekana. Lakini ni dawa inayotumika na anayejua kwamba alichonacho mkononi ni alumini ya aina fulani. Kwa asiyejua, lawama zote huangukia neno moja, ubovu.

Kisha kuna kishawishi cha alukobondi. Bodi hilo linalopamba mbele ya maduka na vituo vya mafuta huja kwa rangi zote, ni jepesi, hukatwa kwa msumeno wa kawaida na linapatikana hata pale bati halisi linapokosekana. Kwa macho ni alumini. Kwa ndani, ngozi mbili nyembamba za alumini, kila moja ikiwa nusu milimita au pungufu, zimebana moyo wa plastiki, na katika aina za bei nafuu plastiki hiyo ni polithini inayowaka. Juni 14, 2017, jengo la Grenfell jijini London lililovalishwa bodi za namna hiyo liliungua na kuua watu 72. Gari si ghorofa, lakini lina petroli au dizeli, nyaya za friji na redio zilizounganishwa baadaye, na abiria ambao mlango wao wa kutokea ni mmoja au miwili. Marekani, kwa kanuni inayotumika tangu mwaka 1972, hairuhusu kitu kilichomo ndani ya sehemu ya abiria kuungua kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Bati halisi la alumini halina haja ya kuogopa kipimo hicho. Bodi lenye moyo wa plastiki, likiwa halina karatasi ya kuonyesha aina yake, linapaswa kuulizwa swali hilo kabla halijafungwa nyuma ya kiti cha mtu.

Chakavu tele, bati hakuna

Mtu anayepita Unga Limited au nyuma ya gereji yoyote kubwa anaweza kuuliza kwa nini nchi yenye marundo ya alumini chakavu iagize bati. Injini zilizokufa, pistoni, rimu na masufuria yaliyotoboka hukusanywa kila siku, na mafundi wa kusubu huyayeyusha na kutengeneza masufuria mapya bila shida. Kuyeyusha upya hutumia takribani asilimia tano tu ya umeme unaohitajika kutengeneza alumini mpya, hivyo swali hilo si la kijinga.

Jibu liko katika kemia. Alumini ya kusubu, hasa ya pistoni na vichwa vya injini, ina silikoni nyingi, pengine asilimia 12, ili itiririke vizuri ndani ya kalibu. Silikoni hiyo huifanya iwe ngumu na yenye kukatika, na ukiibinya kwenye roli ili iwe bati la milimita moja itapasuka kingo. Ili chakavu kiwe bati sharti kichambuliwe aina kwa aina, mabaki ya bati yaende na bati, kisha kipite kwenye tanuru lenye vipimo na roli zenye nguvu. Kenya ilikuwa kwa miaka mingi na kiwanda cha namna hiyo Mariakani, karibu na Mombasa, kilichojulikana zaidi kwa masufuria. Nchi hiyo pia ilitoa funzo la upande wa pili wa chakavu. Januari 20, 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kukosa umeme siku chache nyuma, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya chuma chakavu. Zuio hilo liliondolewa baadaye mwaka huohuo kwa masharti mapya. Viwanda vilivyotegemea chakavu viliona jinsi malighafi inavyoweza kutoweka kwa tamko moja.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema kwamba Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115 na ambalo mitambo yake yote tisa ilikamilika mwaka 2025, lingeweza kulisha kiwanda cha kuyeyusha alumini. Kwa hesabu ya umeme peke yake inawezekana. Mozal, kiwanda kilichoanza uzalishaji mwaka 2000 karibu na Maputo nchini Msumbiji, kilikuwa kikitumia megawati zipatazo 950 kutengeneza zaidi ya tani 500,000 kwa mwaka. Nusu ya bwawa, kwa maneno mengine, kwa mteja mmoja. Lakini Mozal hiyohiyo ndiyo onyo. Baada ya mazungumzo ya miaka kadhaa kuhusu bei ya umeme kukwama, mmiliki wake mkuu, kampuni ya South32 ya Australia, alitangaza Desemba 2025 kwamba uzalishaji ungesimamishwa Machi 2026. Na hata ilipokuwa ikifanya kazi kwa nguvu zote, ilichouza kwa sehemu kubwa ilikuwa mikuo ya kupelekwa nje. Fundi wa Maputo hakupata bati kwa urahisi kwa kuwa jirani wa tanuru.

Kilicho karibu zaidi

Eneo la kwanza la kuangaliwa ni kodi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika jedwali lake la tano, inatoa msamaha wa ushuru kwa magari yaliyoundwa mahsusi kubeba watalii yakiingizwa na kampuni zenye leseni, kwa masharti kama vile kuwa na uwazi wa paa na nafasi ya mizigo na vifaa vya uokoaji. Nia yake ni njema. Lakini msamaha unalitaja gari, haulitaji bati. Anayeleta gari lililokwisha kujengwa Nairobi, Afrika Kusini au kwingineko anatajwa na sheria, na anayenunua bati ili alijenge hapa Arusha hatajwi. Wizara zinazohusika na viwanda na fedha, ambazo kila mwaka hupokea maoni kabla ya bajeti, hazijalazimika kulijibu jambo hilo hadharani, pengine kwa sababu wenye karakana ndogo hawana chama chenye sauti ya kulipeleka.

La pili ni ununuzi wa pamoja. Kontena moja la tani 20 lina mabati zaidi ya 1,600 ya milimita 1.5. Kwa mabati sita kwa gari, hiyo ni kazi ya magari zaidi ya 270. Hakuna gereji ndogo inayoweza kuagiza kiasi hicho peke yake, na ikikopa kufanya hivyo itakuwa imecheza kamari na bei ya London. Karakana 20 zikikubaliana aloi moja, kwa mfano 5052 au 3003, na unene wa aina mbili, kontena hilo linakuwa la miezi kadhaa. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lilikusudiwa kazi za namna hiyo. Arusha pia ina TEMDO, taasisi ya uhandisi na usanifu wa mitambo iliyopo tangu mwaka 1980, ambayo kwa ujuzi wake si jambo kubwa kumsaidia fundi kujua alichouziwa. Ugumu wa mpango huu hauko kwenye bati. Uko kwenye kuaminiana kati ya watu wanaonyang'anyana wateja walewale, na kwa hilo hakuna taasisi inayoweza kutoa cheti.

Wakati hayo yakisubiriwa, mizani ya dukani inaweza kufanya kazi ambayo geji imeshindwa. Kwa bati la futi nne kwa nane, kila milimita moja ya unene ni kilo nane. Bati linalouzwa kuwa la milimita 1.5 likiwa na kilo 10 si la milimita 1.5, liitwe geji gani. Kipande cha pembeni chenye upana wa vidole viwili, kikikunjwa mara moja kwa kona ileile ya paneli, huonyesha kama bati litavumilia mkunjo wa paneli au litafunguka mpasuko. Muuzaji anayekataa kukata kipande hicho amejibu swali kwa namna yake.

Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu mwaka 2012 lina utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijapakiwa huko zitokako, lingeweza kudai jambo dogo zaidi ya hayo yote. Kiwanda cha kubinya bati, kiwe cha China, India au Oman, hutoa cheti kinachotaja aloi, ugumu, unene na namba ya mkupuo. Cheti hicho huja na mzigo na hubaki kwenye faili la mwagizaji Dar es Salaam pamoja na nyaraka za forodha. Kukitoa nakala na kukiambatisha kwenye rundo la mabati linalopakiwa kwenda Arusha ni gharama ya karatasi moja.